Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayojizima Kila Mchana

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, nami huitumia nyumbani kuchapa mitihani na kuhariri video za harusi. Tangu Septemba imekuwa ikijizima ghafla nyakati za mchana, ingawa taa za nyumba hazififii, na nikibonyeza kitufe haiwaki mpaka ipumzike kidogo. Asubuhi haina neno. Mara chache imeleta skrini ya bluu yenye maandishi yanayopotea kabla sijayasoma. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya, na wa pili akarudia kazi hiyohiyo akidai kwamba Windows 10 imepitwa na wakati, lakini tatizo liko palepale. Nifanyeje?
Msomaji, Ipuli, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza nakili mitihani na video za wateja kwenye diski ya nje, kwa sababu mashine inayozimika katikati ya kuandika faili huweza kuliharibu.

Maelezo yako yanaelekeza kwenye joto. Windows iliyoharibika haichagui saa. Ingekusumbua asubuhi kama mchana, ilhali kompyuta yako huzima jua linapokuwa kali, katika miezi ya joto na vumbi hapo Tabora, kisha hugoma kuwaka mpaka ipoe. Prosesa nyingi, yaani chipu kuu zinazoendesha kazi za kompyuta, hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi joto 100, na joto likizidi kupanda hukata kazi ili zisiungue. Ni kweli kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo ni suala la usalama la kushughulikia kwa wakati wake, lakini halizimi kompyuta saa nane mchana.

Usinunue kitu bado. Mchana, kwa saa zilezile inazozima, fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, kisha hariri video kama kawaida. Ikivuka muda wake wa kuzima, joto ndilo mkosaji. Hapo chomoa waya wa umeme, itoe nje, upulize vumbi kwenye mapezi ya kipoozeo yaliyo chini ya feni ya prosesa, huku umeishika feni hiyo kwa kidole isizunguke. Vumbi baya hujificha hapo, na mafundi wengi hufuta kasha tu wakaridhika. Kwa mashine iliyokwisha kutumika kama yako, mwombe fundi pia abadilishe pesti iliyo kati ya prosesa na kipoozeo chake, kwa kuwa hukauka.

Ikiendelea kuzima hata katika ubaridi wa asubuhi unapoipa kazi nzito, nitashuku pawasaplai, yaani kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Jaribu nyingine ya kuazima yenye wati za kutosha, lakini linganisha plagi kwanza, kwani mashine nyingi zilizotoka maofisini hutumia plagi za aina yake. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe. Hubaki na umeme hatari hata ikiwa imechomolewa.

Skrini ya bluu naitenganisha na hayo. Maandishi hupotea kwa sababu Windows hujiwasha upya yenyewe. Ili kuizuia, andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia kwenye mipangilio ya kuanza na kurejesha mfumo, uondoe alama ya kujiwasha upya, kisha siku itakapotokea upige picha kwa simu. Wakati huohuo andika mdsched ili Windows ipime ramu, yaani vijibao vinavyoshikilia kazi unayoifanya wakati mashine imewaka. Makosa yakionekana, na kama una ramu mbili, tumia moja moja mpaka uitambue iliyo mbovu.

Fundi akikuonyesha kwenye kumbukumbu za Windows tukio nambari 41 na kusema ndicho chanzo, usilipe kwa hilo: nambari hiyo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo, jambo ambalo tayari unalijua.