Miche ya nyanya ikirefuka kama uzi, usikimbilie urea

Masika ya mwaka juzi, huku kwetu Mgeta, Morogoro, nilisia mbegu za nyanya aina ya Tanya kwenye kitalu. Siku ya saba zilikuwa zinachomoza. Nikayaacha matandazo ya nyasi siku nne zaidi, nikiogopa mvua isije ikaing'oa miche, na juu ya kichanja cha kivuli nikapanga majani ya migomba. Nilipofunua nilikuta vishina vyeupe, vyembamba, vijani vya manjano, vyote vimelalia upande mmoja kulikokuwa kunapenya mwanga.

Nikadhani ni njaa ya mbolea, nikatia urea, mbolea ya naitrojeni. Miche ikazidi kurefuka na kulainika, kisha kinyaushi, ugonjwa wa kuoza shina la miche usawa wa udongo, kikaingia. Ilikatikia shinani, na katika siku chache zaidi ya nusu ya kitalu ikaenda.

Ndugu zangu mnaoanza, jifunzeni kutofautisha. Mche uliokosa naitrojeni hudumaa, na unjano huanzia majani ya chini. Uliokosa mwanga hukimbilia juu: pingili zinaachana, majani hayakui, mche mzima unapauka. Gizani nyanya haiwezi kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani inayonasa mwanga, kwa hiyo akiba iliyokuwa kwenye mbegu inaishia kurefusha shina likitafuta jua. Ukiongeza urea hapo unazidisha ulaini uleule.

Siku hizi matandazo nayaondoa mara tu ninapoona vichwa vya kwanza, tena jioni, maana jua la mchana huunguza miche iliyotoka gizani. Kichanja nakiinua kiasi cha mita moja, nyasi chache, hadi nione madoa ya jua yakicheza kwenye udongo. Miche iliyosongamana naing'olea, kwa kuwa nayo hutiana kivuli. Nyasi za kichanja nazipunguza kidogo kidogo, na wiki ya mwisho kabla ya kuhamishia shambani miche inakaa juani kutwa, maji nimeyapunguza. Masika mawingu yakitanda, kivuli hakina kazi kabisa. Natandaza nailoni nyeupe wakati wa mvua tu, kisha naikunja.

Kama imeshakurefukia na shina bado ni zima, usiitupe. Izoeze jua kwa siku kadhaa, kisha uifukie hadi karibu na majani ya kwanza, kwani shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi. Ile michache iliyonibakia mwaka juzi niliipanda hivyo, na ndiyo iliyonipa matenga manne ya kwanza.