Jibu: mwale ukiinama, duara linageuka yai

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili, maana tatizo hilo lilikuwa langu pia hapa Goma. Unasema antena yako, kipande kimoja cha shaba kwenye FR4 (ubao wa kawaida wa saketi), kilichokatwa pembe mbili, inakupa uwiano wa mihimili (tofauti kati ya upana na wembamba wa duara ambalo wimbi linachora; duara kamili ni 0) wa dB 1 ukiipima kwa mbele. Ukipanga vinne kuwa safu na kuinamisha mwale hadi digrii 55, uwiano unapanda hadi dB 6: wimbi halichori tena duara, linachora yai. Unashuku vibadilisha fezi, yaani vifaa vinavyochelewesha wimbi la kila kipande ili mwale uiname. Mimi ningeanza na kipande chenyewe.

Wimbi linazunguka kwa sababu mitetemo miwili imekaa msalaba kwa nguvu sawa, mmoja ukichelewa digrii 90, yaani robo ya mzunguko. Ukienda pembeni, kila mmoja unapungua kwa kasi yake. Kwa 2.45 GHz kipande chako kina kama milimita 29. Piga hesabu ya kawaida ya kipande juu ya bati pana la chini: kwa digrii 55, mtetemo unaofuata upande wa kuinamia umepoteza dB 1.7 hivi, na ule unaoukata umepoteza dB 5.4. Tofauti tayari ni dB 3.7, na bado hujaweka jirani hata mmoja.

Nilipoteza wiki tatu nikizungusha vipande, digrii 0, 90, 180, 270, na kufidia fezi. Ni mbinu nzuri sana, lakini inasahihisha kosa la mlisho, yaani la namna wimbi linavyoingizwa kwenye kipande. Hii tofauti ya pembeni haiguswi, kwani kipande hata ukikizungusha bado kinatazamwa kutoka pembe ileile.

Kilichonitoa hapo ni ukubwa. Niliacha FR4, nikabandika karatasi ya shaba juu ya povu jeupe la kufungashia vyombo, unene milimita 5. Juu ya povu kipande kinakua hadi karibu milimita 52, na kukua huko kunaupunguza zaidi ule mtetemo wa kwanza: kwa digrii 55 yote miwili inashuka karibu dB 6.6, sawa kwa sawa. Ndiyo, nguvu ya pembeni inapungua kuliko ya mbele. Mimi nakubali bei hiyo, maana FR4 nayo ilikuwa inageuza nguvu nyingi kuwa joto.

Sasa nafasi kati ya vipande. Urefu wa wimbi ni sentimita 12.2, ugawe kwa 1 jumlisha sini ya 55, unapata sentimita 6.7. Ukizidisha hapo, mwale wa pili unachomoza upande mwingine. Nimeweka 6.5 kati kwa kati, kwa hiyo kati ya kipande na kipande kuna sentimita 1.3 tu, na wanasikiana sana. Kipande nilichokirekebisha kikiwa peke yake kilihama masafa mara tu nilipoleta wenzake. Kirekebishe kikiwa mahali pake, vingine umevifunga kwa kizuizi cha omu 50. Miishoni niliongeza vipande viwili visivyolishwa, ili vya pembeni navyo viwe na jirani pande zote mbili.

Kupima kwanza nilipimia juu ya paa la mabati, mtaa wa Himbi. Namba ziliruka ovyo: bati linarudisha wimbi likizunguka kinyume, nalo linaingia kwenye kipimo. Nikashuka uani. Fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alinichongea gurudumu la mbao, nikalilaza juu ya stuli, safu ikasimama juu yake. Mita 3 mbele, dipoli (antena nyoofu ya waya) kwenye fimbo ya mbao: unaizungusha polepole, unaandika usomaji mkubwa na mdogo, tofauti yao kwa dB ndiyo uwiano wako. Unageuza gurudumu digrii 5, unarudia. Ni kazi ya mchana mzima na mkono unachoka, lakini kwa digrii 55 nilisoma dB 2.4.

Kabla ya kugusa vibadilisha fezi, pima kipande kimoja cha katikati hivyo, kutoka digrii 0 hadi 60, utuwekee namba zote hapa.