Kupiga picha za sura usiku bila flashi: ushauri kwa wanaoanza

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Bagamoyo huniuliza kwanza kuhusu bei ya lenzi, ilhali swali la kwanza la picha ya usiku ni mahali anaposimama mtu. Kabla hujagusa kamera, angalia taa iko wapi, kisha msogeze unayempiga picha. Anayesimama mita 2 kutoka kwenye taa moja ndogo hupata takriban robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 1, kwa hiyo hatua hiyo moja ya kumsogeza hukupa kile ambacho ungekipata kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 800 hadi 3200, na picha haitajaa chenga.

Jioni moja nilimkuta mzee akiuza pweza karibu na ufukwe, karabai yake ikiwa mezani, chini ya kidevu. Mwanga uliotoka chini ulimfanya aonekane mkali, kivuli cha pua kikipanda hadi kwenye paji la uso, ingawa mwenyewe ni mpole na mcheshi. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha, na alipokubali tukaiweka karabai juu ya makreti mawili ya soda upande wake wa kushoto, ikawa juu kidogo ya usawa wa macho. Mwanga ukashuka shavuni, ukapita ukingoni mwa pua, ukaacha kimeta kimoja kidogo ndani ya kila jicho. Upande wa kulia ulikuwa na giza zito, lakini kanzu nyeupe ya mteja aliyekuwa akisubiri kipande chake ilirudisha mwanga wa kutosha kulionyesha sikio na ukingo wa kofia.

Hapo ndipo ninapowasisitizia wanafunzi wangu kwamba ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga. Inapendeza mwanga ukitoka pembeni, kwa sababu umbo la uso wetu husomeka kwenye mng'ao wa shavu, paji na mdomo, na mng'ao huo hupotea taa ikipigwa usoni moja kwa moja. Kamera nayo hukosea kwa namna yake: ikiona giza limejaa kwenye fremu, huongeza mwanga kana kwamba usiku ni kasoro, na uso unaungua. Punguza mwangaza wa picha kwenye kamera kwa hatua moja, utazame picha, kisha uamue kama upunguze tena.

Kuhusu mipangilio, sina mengi ya kusema. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, inatosha, mradi ulenge jicho lililo karibu nawe, kwa sababu tundu likifunguliwa hivyo hata sikio huingia ukungu. Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, usiishushe chini ya 1/60 ya sekunde ukiwa umeshika kamera mkononi. Ikibidi kushuka, egemea ukuta.

Taa za umeme zina shida ya peke yake, nami niliijua kwa uchungu katika mkesha wa harusi, nilipopiga kwa 1/500 chini ya taa za tyubu na kukuta mistari ya giza imekata nyuso za akina mama waliokuwa wakimpamba bibi harusi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za aina hiyo hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka hunasa sehemu tu ya mpigo. Tumia 1/100, au 1/50 ukiwa umeegemea ukuta, mistari itaondoka.

Kumbuka pia kwamba pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki. Jua huzama nyuma ya mji, na giza huanza kupanda kutoka baharini wakati anga la upande wa bara bado lina mwanga. Kwa dakika kama 20 baada ya machweo, mketishe bibi kwenye baraza lililoelekea magharibi, katika mtaa wa Mji Mkongwe wenye ukuta wa chokaa mbele yake, na chemli pembeni. Usimwambie atabasamu. Mwulize habari za wajukuu, na anaponyamaza kidogo kutafuta jina, ndipo ubonyeze.