Maswali na Majibu ya Kroshia: Matundu, Uzi na Mkono Unaokaza

Joto limeingia, harusi zimesogea, na karibu kila anayeniandikia anataka kufuma kitu chepesi chenye matundu. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi. Nikisema dabo hapa, nina maana ya mshono unaozungusha uzi mara moja juu ya sindano kabla ya kuingia. Singo haizungushwi. Cheni ni vitanzi vinavyofuatana, kimoja kikivutwa ndani ya kingine.

Nimefuma mtandio wa dabo na cheni kwa uzi wa sweta, sindano ya milimita 3.5. Nimefuata picha hatua kwa hatua, lakini umekuwa mgumu kama mkeka. Nimekosea wapi? (Tanga)

Mtindo hauna kosa, dada yangu. Uzi wako ni mnene na sindano hiyo ni nyembamba mno kwake, kwa hiyo kila dabo imejibana na jirani yake. Matundu uliyoyahesabu yote yapo, ila yamejaa manyoya ya uzi.

Wepesi unatafutwa kwa vitu vitatu kwa pamoja: uzi mwembamba, sindano iliyouzidi uzi, na mkono usiokaza. Tafuta uzi wa pamba ambao karatasi yake inataja sindano ya 2.5 au 3, kisha uufume kwa sindano ya 4. Anza na sampuli ya sentimita 15 kwa 15. Najua wengine mmechoka kusikia neno sampuli kutoka kwangu, nami nitaendelea kulisema, kwa sababu nusu ya barua ninazopokea zisingeandikwa kama mwandishi wake angefuma sampuli, akailowesha na kuikausha kabla ya kununua uzi wote. Ikikauka, ikunje ndani ya ngumi halafu iachie. Ikifunguka na kulala kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, endelea. Ikibaki na umbo la ngumi, panda sindano, yaani chukua iliyo nene zaidi.

Sampuli hiyohiyo inakwambia utumie uzi kiasi gani. Mpelekee sonara akupimie, mizani nyingi za jikoni hazipimi vizuri gramu chache. Tuseme imetoka gramu 6. Mtandio wa sentimita 180 kwa 60 una eneo la sampuli 48, yaani gramu 288, ambazo ni vidonge sita vya gramu 50. Nunua saba, vyote vyenye namba ileile ya rangi kwenye karatasi. Ukirudi Kariakoo baada ya wiki mbili kutafuta kidonge kimoja cha kumalizia, utapewa rangi inayofanana dukani na kutofautiana juani.

Pamba au akriliki?

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na safari hii tena limeletwa bila kutaja kinachofumwa, kwa nani, wala anaishi wapi. Bila hayo hakuna anayeweza kukujibu.

Kitu cha kugusa ngozi Dar, Mombasa au Zanzibar, chukua pamba. Akriliki hainywi jasho, litakaa mgongoni kwako mpaka jioni. Kwa shali ya baridi ya Njombe au Limuru akriliki ni nzuri, tena ni nyepesi kuliko pamba kwa unene uleule. Hapo ndipo wengi hukosea, wanadhani pamba ni nyepesi kwa sababu ina ubaridi. Pamba ni nzito, na ikining'inia hushuka.

Niliwahi kufuma gauni refu la matundu kwa pamba, kwa ajili ya msichana aliyekuwa anamsimamia dada yake harusini. Sampuli nilifuma, lakini sikuilowesha, nilikuwa na haraka. Alipolifua mara ya kwanza akalianika kwenye kamba kwa mabega, likashuka karibu shibiri nzima, na matundu ya kiunoni yakawa marefu kama mbegu za tende. Alikuja nalo mkononi akilia. Nilimrudishia fedha zake zote, na tangu siku hiyo sijaianza nguo ya pamba bila kulowesha sampuli, kuining'iniza usiku mzima na kuipima upya asubuhi. Nguo kama hiyo hukaushwa ikiwa imelazwa. Kwenye kamba haiendi kamwe.

Mkiweza, chukueni pamba yenye mng'ao. Mwingereza John Mercer alipata hataza mwaka 1850 kwa kuipitisha pamba kwenye magadi makali ya kiwandani, na baadaye Horace Lowe akaonyesha kwamba uzi ukivutwa wakati wa kazi hiyo hutoka unang'aa. Uzi huo una nguvu zaidi, unashika rangi vizuri, na hauchambuki ovyo sindano ikipita, kwa hiyo tundu linaonekana na mipaka yake.

Nianze na cheni ngapi kwa mshono wa vyumba? (Morogoro)

Nadhani unazungumzia vyumba vya mraba: dabo moja, cheni mbili, ruka mbili, dabo. Zidisha idadi ya vyumba kwa 3, ongeza 5. Vyumba 20 ni cheni 65. Dabo ya kwanza ingiza kwenye cheni ya nane kutoka kwenye sindano. Kila mstari unaofuata anza na cheni 5, tatu zinasimama badala ya dabo na mbili ni dari ya chumba, kisha dabo juu ya dabo. Mwisho wa mstari, dabo yako iingie kwenye cheni ya tatu ya zile tano. Wanaoiruka ndio wanaoniandikia kwamba kazi inapungua upande mmoja.

Cheni za mwanzo zifume kwa sindano kubwa kuliko ya kazi yenyewe. Cheni iliyokazwa hukunja ukingo wote, na huwezi kuirekebisha baadaye.

Dabo zangu ni fupi kuliko za picha. Mwalimu wangu anasema niko sahihi. (Kisumu)

Mwalimu wako na mtunzi wa mtindo wanatumia majina ya nchi mbili tofauti. Dabo ya Uingereza ni singo ya Marekani, na dabo ya Marekani Waingereza wanaiita trebo. Kabla hujashika uzi, soma maelezo yote. Ukiona singo imetajwa popote, maelezo ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wenye jina hilo. Walimu, tafadhali wafundisheni wanafunzi jambo hili siku ya kwanza. Nimeona watu wakifumua kazi ya wiki nzima kwa sababu ya neno moja.

Naweza kupiga pasi blauzi ya akriliki?

Hapana. Ukiigusa kwa pasi ya moto inalegea na kung'aa kama nailoni, na hairudi.

Kazi yangu imekunjamana, matundu yamefumba. Ya kwenye picha yamefunguka kama maua. Siri ni nini? (Bukoba)

Picha ilipigwa baada ya kazi kutandazwa. Wewe unatazama kazi iliyotoka kwenye sindano, na kila mshono wa matundu ukitoka kwenye sindano huwa umejikunyata. Sielewi kwa nini mafundi wengi wanaiacha hatua hii na kumkabidhi mteja kitu kilichokunjamana. Ni sawa na kumpa chapati ambayo haijageuzwa.

Loweka kazi kwenye maji ya kawaida nusu saa mpaka uzi unywe. Usiikamue kwa kuisokota. Iviringishe ndani ya taulo na uikanyage kwa miguu. Kisha tandika kanga safi juu ya godoro, ilaze kazi, na uanze kuivuta kutoka katikati kwenda nje ukichoma pini zisizoshika kutu. Pembe nne kwanza, halafu katikati ya kila upande, halafu kila ncha ya ukingo peke yake. Utaona matundu yaliyokuwa yamefumba yakifunguka moja moja, na yale majani ya ukingo ambayo ulidhani umeyakosea yakichongoka. Iache hapo mpaka ikauke kabisa, kivulini. Ukitoa pini ikiwa na unyevu inarudi ilikotoka.

Hiyo ni pamba. Akriliki maji hayaishiki. Ichome pini ikiwa kavu, kisha pitisha mvuke wa pasi kwa juu, kama sentimita tatu, bila kuigusa. Fanya kwenye sampuli kwanza.

Kwa vitambaa vya makochi vinavyotakiwa kusimama, ongeza wanga wa muhogo mwepesi kwenye maji ya mwisho. Maji ya sukari yanakausha vizuri lakini yanaleta sisimizi.

Nataka kumfumia mjukuu wangu mchanga blanketi la matundu makubwa. (Mwanza)

Hongera kwa mjukuu, mama. Usifume matundu makubwa. Kidole cha mtoto mchanga kinapita kwenye tundu, kinajizungusha, na uzi unaweza kukibana mpaka damu isipite, wakati yeye hawezi kusema isipokuwa kulia. Fuma dabo zilizokaribiana kwa pamba laini, na urembo wa matundu uweke kwenye kofia yake atakapokuwa anakimbia. Usiache nyuzi zinazoning'inia upande wa ndani. Na akilia bila sababu, kagua vidole vya mikono na miguu.

Mkoba wangu wa sokoni unafika magotini nikiweka viazi. (Nairobi)

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019, mikoba ya kufuma imekuwa biashara nzuri, na mingi ina kasoro hii. Cheni zako ni ndefu mno. Fuma tao la cheni 5 lililoshikwa na singo, usizidishe. Kitako kiwe cha singo tupu, mviringo wa kama sentimita 15, na mkanda uwe wa singo pia, angalau mistari mitano. Tumia pamba na sindano ndogo. Mkoba ni kazi pekee ya matundu ambayo nakuruhusu kukaza mkono.

Nataka shali nyepesi kupita zote ya kutupia juu ya gauni la usiku. (Maskati)

Fundo la Sulemani. Vuta kitanzi kilicho kwenye sindano mpaka sentimita moja na nusu, chukua uzi uupitishe ndani yake, kisha ingiza sindano kati ya kitanzi na ule uzi mmoja wa nyuma na ufunge kwa singo. Vitanzi vyote viwe na urefu mmoja, pima kwa kidole chako mwenyewe. Ondoa pete na bangili ukiivaa, itanasa.

Mteja anasema dukani "kroshia" ni bei nusu ya yangu. Nishushe? (Arusha)

Usishushe. Kroshia halisi ni kazi ya mkono. Zile mashine za viwandani zinazoitwa za kroshia zinafuma kwa nyuzi zinazopanda wima, namna nyingine kabisa ya ufumaji. Mwonyeshe mteja tofauti: igeuze nguo ya dukani, utaona mistari ya nyuzi ikipanda moja kwa moja kutoka chini hadi juu. Na kama nguo hiyo ya bei nusu kweli imefumwa kwa sindano, basi kuna mtu mahali fulani amekaa siku nzima akaifuma, na kilichopunguzwa ni ujira wake. Ireland, wakati wa njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852, wanawake walilisha familia zao kwa lesi ya kroshia. Huu si mchezo wa kupoteza muda wa jioni. Andika saa zako kila siku, zidisha kwa ujira wa kibarua wa mjini kwako, ongeza uzi, na bei hiyo iseme bila kuomba radhi.

Nimekosea mstari wa sita, nami niko wa thelathini. Nifumue?

Fumua. Tundu moja likikosekana, mistari yote ya juu inaegemea upande huo, na ukiitandaza kwa pini ndiyo litaonekana zaidi. Safari hii funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kila mwisho wa mstari wa tano, na uhesabu vyumba kabla ya kugeuza.