Usirekodi hata mhadhara mmoja kabla ya kuandika kazi ya mwisho

Iache kamera hiyo kwanza. Umeandika kwamba wewe ni mhadhiri kijana uliyeko Wete, kwamba umekusudia kuufanya usanifu wa mafunzo ya mtandaoni kuwa kazi yako hadi ufikie uprofesa, na kwamba likizo hii utarekodi mihadhara yote ya somo lako, mazoezi utayafikiria baadaye; ukauliza pia shahada gani usome na kamera gani ununue. Hilo neno "baadaye" ndilo lililonizuia kunyamaza, mwanangu, kwa sababu na mimi nililisema.

Somo langu lilikuwa mbinu za utafiti. Nilijifungia katika chumba kimoja Mji Mkongwe, kwenye joto la kaskazi, madirisha yakiwa yamefungwa ili milio ya vespa isiingie, nikarekodi mihadhara 42 ya saa moja moja. Muhula ulipoanza, mwanafunzi wa Konde aliniandikia kwamba bando lake la wiki limekwisha kabla ya mhadhara wa pili kumalizika. Hilo lilikuwa dogo. Katika mtihani niliwapa orodha ya kaya za shehia moja, nikawataka wachague sampuli, yaani kaya chache za kuziwakilisha zote, na waeleze kwa nini wamechagua hivyo. Karibu wote waliandika maana ya sampuli kwa maneno yangu, neno kwa neno, na wachache mno waliweza kuichagua. Katika saa zote 42 sikuwahi kuwapa orodha hata moja waishughulikie wenyewe.

Mshauri aliyeniuzia huduma ya kurekodi ninamlaumu mpaka leo. Alilipwa kwa saa za video, na aliponihakikishia kwamba maudhui yakishapatikana mafunzo yatajipanga yenyewe, alikuwa akizungumza na mtu aliyemwamini. Fedha za mradi wa miaka miwili ziliishia kwake, na video 38 nimezifuta.

Muundo wa kupanga mafunzo uitwao ADDIE, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya Jeshi la Marekani mwaka 1975, una hatua tano: uchambuzi, usanifu, utayarishaji, utekelezaji na tathmini. Kurekodi kumo katika hatua ya tatu, nami nilianzia hapo, bila kujua mwanafunzi wangu ana simu gani, anasomea wapi, wala atatakiwa aweze kufanya nini. Hata urefu wa video ulikuwa umekwishachunguzwa: mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake, baada ya kuchambua mamilioni ya vipindi vya utazamaji katika kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, walionyesha kwamba video zisizozidi dakika 6 ndizo zinazowashika watazamaji zaidi.

Mwaka uliofuata nilianza na ile orodha ya kaya. Nilichunguza wanafunzi wanakwama wapi wanapochagua sampuli, nikatengeneza video fupi 9 kwa ajili ya mikwamo hiyo tu, maandishi yanayosomeka bila intaneti, na zoezi la kila wiki kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ambalo nililisahihisha kwa maelezo. Mwanafunzi akikosea wiki ya tatu, nilijua wiki hiyo hiyo.

Basi andika kazi moja ambayo mwanafunzi wako ataifanya mwishoni mwa muhula kwa mikono yake mwenyewe, uiweke hapa leo, nami nitaisoma baada ya Isha.