Stima Ikirudi kwa Kishindo, Usikimbilie Kununua Ruta Mpya

Usiku mmoja wa Aprili, mvua ya masika ikinyesha na radi zikipiga, taa za sebuleni kwetu Kasarani ziliongezeka mwanga hadi zikawa nyeupe za kuumiza macho, friji ikatoa mngurumo ambao sikuwahi kuusikia, kisha giza likatanda ploti nzima. Stima iliporudi, friji na televisheni, ambazo zilikuwa zimechomekwa kwenye gadi, yaani kifaa kinachokata stima volti zikipotoka, ziliwaka kama kawaida, lakini ruta, kifaa kinachotugawia intaneti, ilikuwa kimya, haina hata taa moja. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeshatenga pesa za kwenda kununua nyingine Luthuli Avenue. Dada yangu, anayeishi nyumba ya chini katika ploti hiyohiyo, ndiye aliyenizuia. Aliniuliza, "Kaka, umejuaje kwamba iliyoungua ni ruta yenyewe?" Sikuwa na jibu, na jibu nililolitafuta siku mbili zilizofuata ndilo ninalotaka kukupa hapa.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, hakikisha kwamba stima iliyorudi ni salama. Ploti nyingi za Nairobi hulishwa na nyaya tatu za fezi, zinazoleta stima, pamoja na waya mmoja wa nyutro, njia ya kurudishia stima, ambao nyumba zote huutegemea. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 240, lakini kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 415. Nyutro ikilegea au ikikatika, nyumba yenye matumizi madogo huweza kupokea volti zinazoikaribia hiyo 415, wakati jirani aliyewasha pasi au shawa ya stima anaona taa zake zikififia. Mafundi walipopanda nguzo yetu siku ya pili, ndivyo walivyokuta: kiungo cha nyutro kilikuwa kimelegea. Kwa hiyo ukiona taa zako zinang'aa kupita kiasi na za jirani zimefifia, zima swichi kuu mara moja, wajulishe majirani, na usichomeke kitu hadi fundi aliyehitimu apime na kukuta volti zimetulia. Ukijaribu ruta ya pili kwenye stima ya namna hiyo, utaiunguza nayo.

Baada ya hapo, anza na adapta. Ruta haili stima ya ukutani moja kwa moja. Hula volti 12 au 9 za mkondo mnyoofu (DC) kutoka kwenye adapta, na adapta ndiyo inayopokea pigo la kwanza. Mara nyingi hufa peke yake, na ruta ikabaki nzima. Tazama maandishi yaliyo chini ya ruta na yale ya adapta: volti lazima zilingane sawasawa, ampea za adapta ziwe sawa na zinazohitajika au zaidi, na alama ya chanya na hasi ya kichomeko ifanane. Adapta ya ampea 1 kwenye ruta inayotaka ampea 2 huweza kuiwasha kisha ikaizima kila Wi-Fi inapofanya kazi nzito, nawe ukadhani ruta ndiyo mbovu.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilipima adapta yangu kwa multimita, mita ya kupimia volti, nikasoma volti 12.2, nikahitimisha kwamba adapta ni nzima na ruta imekufa. Fundi mmoja wa redio wa mtaani kwetu alichukua adapta hiyohiyo, akaunganisha balbu ndogo ya gari ya wati 5, ambayo huvuta takriban ampea 0.4 tu, kisha akapima tena huku balbu ikiwaka. Balbu ilipepesa kwa wekundu hafifu, na namba kwenye mita zikaporomoka hadi chini ya 8, zikipanda na kushuka. Adapta iliyojeruhiwa huweza kuonyesha volti kamili ikiwa haibebi mzigo, na papo hapo ikashindwa mara tu inapopewa kazi. Ikiwa huna balbu wala mita, azima adapta inayolingana kutoka kwa jirani unayemwamini. Jaribio hilo la dakika moja lina thamani kuliko kukisia kwa wiki nzima. Ila nakusihi usiifungue adapta: ndani yake mna kapasita, kipande kinachohifadhi umeme, inayoweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuichomoa ukutani.

Kwa adapta nyingine ruta yangu iliwaka. Hata hivyo mambo hayakuishia hapo, kwa sababu simu zilipata intaneti kwa Wi-Fi lakini dada yangu, niliyemvutia kebo ya mtandao kutoka ruta yangu hadi kwake, hakupata kitu. Tundu la kwanza la kebo halikuwasha taa yake hata nilipochomeka kompyuta pale kwa kebo fupi mpya. Nilipohamisha kebo hiyohiyo hadi tundu la pili, taa iliwaka na kompyuta ikafungua ukurasa wa ruta kwenye 192.168.1.1. Kompyuta ikijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na ruta. Usilaumu kampuni ya intaneti kabla hujabadilisha kebo na tundu, kimoja baada ya kingine, bila kubadilisha viwili kwa wakati mmoja. Angalia pia kasi ya kiungo: tundu lililokuwa likitoa megabiti 1000 na sasa linatoa 100 huenda limepoteza baadhi ya jozi zake nne za nyaya, kwa kuwa kasi ya 100 huhitaji jozi mbili tu. Kebo iliyochanika hutoa dalili hiyohiyo, ndiyo maana ujaribu kebo kwanza.

Upande wa dada yangu, tundu la swichi yake ya mtandao (kisanduku kinachogawa kebo moja kwa vifaa kadhaa) lililopokea kebo ile nalo lilikuwa limekufa. Kebo yenyewe ilikuwa ya shaba, imepita nje ukutani kutoka ghorofa ya tatu hadi chini. Radi ikipiga karibu, waya mrefu wa nje huokota msukumo wa umeme bila radi kuugusa, na msukumo huo huingia moja kwa moja kwenye matundu ya ncha zote mbili, mahali ambapo gadi ya soketi haiwezi kuuzuia.

Kisanduku cha faiba, kile kinachopokea intaneti kwa njia ya mwanga na kuipeleka kwenye ruta, nacho kina lugha yake ya taa. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo laini yenyewe haiunguzwi na stima. Kisanduku hupigwa kupitia adapta yake au kebo ya shaba inayokiunganisha na ruta. Taa ya PON ikitulia bila kupepesa, mwanga unafika. Taa nyekundu ya LOS ikiwaka, mwanga haufiki: faiba imekunjwa, imechomoka, imekatika njiani, au kuna tatizo upande wa kampuni. Hapo piga simu ya huduma kwa wateja na uwatajie taa unazoziona. Usibonyeze kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa matumaini tu, kwani kinaweza kufuta jina na nywila ya akaunti yako, na tatizo moja likawa mawili.

Ruta iliyowaka tena ichunguze kwa siku kadhaa. Ikipata joto lisilo la kawaida, ikitoa harufu ya plastiki iliyoungua, au ikijizima na kujiwasha hata kwa adapta nzuri, hiyo ibadilishe bila majuto, na usiiache ikiwaka usiku mmelala.

Kuhusu kinga, gadi inayokata stima volti zinapopanda au kushuka, kisha ikasubiri dakika chache kabla ya kuirudisha, imenisaidia kuliko kebo za soketi nyingi zilizoandikwa kwamba zina kinga. Kinga hizo huchakaa kila zinapopokea pigo, na bila waya wa athi (unaopeleka umeme wa ziada ardhini) ulio imara kazi yao hupungua sana. Sasa ruta na kisanduku cha faiba viko nyuma ya gadi. Kebo ya nje tumeiondoa; badala yake tumepitisha faiba kutoka kwangu hadi kwa dada yangu, yenye kigeuzi kidogo cha kubadilisha mwanga kuwa umeme na umeme kuwa mwanga kila ncha, na kila kigeuzi kimechomekwa kwenye gadi ya nyumba yake.