Paka mwenye saratani akigoma kula: yaliyonikuta kwa Chiku

Dada wa Chumbageni, Tanga, umesema paka wako amekutwa na limfoma (saratani ya chembe za kinga) ya utumbo, ameanza prednisoloni (dawa ya steroidi) na klorambusili (kidonge cha kuua seli za saratani) wiki hii ya pili, anatapika, na tangu jana hataki hata kunusa chakula. Unauliza uache dawa. Pole sana. Usiziache kwa uamuzi wako. Prednisoloni haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Mpigie daktari leo, kabla ya kidonge kinachofuata. Yeye ndiye wa kupunguza au kuahirisha.

Mimi kilichonitisha kuliko saratani yenyewe ni kule kutokula. Paka akikaa siku mbili tatu na njaa, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hujaa kwenye ini na ini likaanza kushindwa kazi. Paka wangu Chiku alidonoadonoa wiki nzima, kisha akagoma kabisa. Nikajipa moyo, kesho atakula. Siku ya tatu naona masikio kwa ndani yamekuwa manjano. Nikamtia kapuni, tukapanda basi la alfajiri, Segera, Chalinze, mpaka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nililia njia nzima.

Kosa langu lilikuwa kumlazimisha. Nilimpaka samaki aina ya changu mdomoni kwa kidole huku kichefuchefu kimemkaba, na tangu siku hiyo samaki huyo hakumtaka tena. Paka anayelambalamba midomo, anadondosha mate, anasogelea sahani kisha anageuza uso, huyo ana njaa ila tumbo limechafuka. Omba kwanza dawa ya kuzuia kutapika, chakula kifuate. Kuna na dawa ya kuamsha hamu ya kula, iulizie.

Chiku alirudi kula kwa supu ya samaki kibua: maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo huharibu damu ya paka. Miiba nilitoa yote. Supu iwe na uvuguvugu ili harufu ipande. Ya baridi hakuigusa. Kijiko kimoja, saa moja ipite, kingine.

Klorambusili usiikate wala kuisaga. Vaa glovu, hata ukizoa mchanga wake wa haja, na mwenye mimba asishike kabisa. Kila kidonge kifuatishe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisije kikakwama kooni.

Na tafadhali, parasetamoli hapana. Muuza dawa mmoja alinishauri nimpe. Kwa paka hata kipande kidogo ni sumu.

Chiku aliishi miezi 19 baada ya safari ile. Sharubu zilidondoka, maji alikunywa mno kwa sababu ya prednisoloni, lakini kila magharibi alikuwa mlangoni akingoja muuza samaki.

Mpime uzito leo, uandike. Na ukiona fizi au masikio manjano, usingoje kupambazuke.